Mlinzi Aliyefungiwa Mlango: Neno la Siri Baina ya Programu ya Uangalizi na Hifadhidata

Mitambo mingi ya kompyuta ambayo watu huitegemea kila siku haionekani kwa macho ya wale wanaoitumia. Mwalimu anayeingiza alama za mitihani, karani anayetafuta jalada la mgonjwa na mteja anayetuma fedha kwa simu, wote huwasiliana na kompyuta iliyo mbali, ndani ya chumba kilichofungwa. Kompyuta hiyo huitwa seva, kwa kuwa kazi yake ni kuzihudumia kompyuta nyingine. Hakuna mtu akaaye mbele yake usiku kucha akiitazama. Kazi hiyo hukabidhiwa programu maalumu, nayo ndiyo iitwayo programu ya uangalizi.

Programu ya uangalizi hufanya kazi inayofanana na ya muuguzi wa zamu. Kila baada ya sekunde au dakika kadhaa huipima seva: diski imejaa kiasi gani, joto la chumba ni nyuzi ngapi, je, huduma fulani ingali inajibu? Kila jibu huandikwa pamoja na saa yake. Kipimo kikivuka mpaka uliowekwa, fundi hupelekewa onyo. Hivyo diski inayojaa polepole huweza kugunduliwa kabla haijasimamisha kazi za watu.

Vipimo hivyo sharti viandikwe mahali. Mahali hapo ni hifadhidata, yaani ghala la taarifa lililopangwa kwa majedwali, lenye mlango unaolindwa. Programu ya uangalizi, ijapokuwa yenyewe ni mlinzi, haina budi kujitambulisha mlangoni kama mgeni mwingine yeyote: hutaja jina lake na kuthibitisha kwamba inalijua neno la siri, ambalo siku hizi huitwa pia nywila. Ikikataliwa, mlinzi amefungiwa nje. Seva huendelea kufanya kazi, taa huendelea kuwaka, na hakuna onyo linalofika. Lakini ukimya huo ni wa mlinzi asiyeweza kuandika alichokiona, wala si dalili ya usalama.

Mafundi wengi hulikabili tatizo hili kwa kubahatisha: hubadili hiki, hubadili kile, mpaka mlango ufunguke. Ipo njia bora. Kukataliwa kwenyewe ni habari, na mwenye kuisoma habari hiyo kwa makini aghalabu hujua pa kutafuta kabla hajagusa kitu.

SEHEMU TATU ZA MTAMBO MMOJA

Mfano mzuri ni programu iitwayo Zabbix. Ilianzishwa na Alexei Vladishev wa Latvia, ikatolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 2001, na mwaka 2005 kampuni ya kuiendeleza ikaundwa katika mji wa Riga. Hutumika bila malipo, na kila mtu anaruhusiwa kuusoma utunzi wake.

Mtambo wa Zabbix una sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni programu kuu, ambayo hukusanya vipimo na kupeleka maonyo. Ya pili ni hifadhidata, ambayo kwa kawaida huwa MySQL au PostgreSQL. Ya tatu ni kurasa za wavuti, ambamo fundi hutazama michoro na takwimu. Jambo la kukumbuka ni kwamba programu kuu na kurasa za wavuti huingia katika hifadhidata kila moja kwa safari yake. Kila moja ina faili lake la usanidi, na ndani ya kila faili yameandikwa mambo manne: hifadhidata iko mashine gani, inaitwaje, mtumiaji ni nani, na neno lake la siri ni lipi.

KWA NINI HIFADHIDATA HAILIJUI NENO LA SIRI

Fundi aliyesahau neno la siri mara nyingi hutaka kuiuliza hifadhidata yenyewe. Haiwezi kumjibu, kwa kuwa hailijui. Jambo hili lina historia yake.

Katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mwaka 1961 mtambo ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Ili kila mmoja awe na faragha ya kazi zake, walipewa maneno ya siri, na maneno hayo yakahifadhiwa ndani ya faili kama yalivyo. Katikati ya miaka ya 1960 mafaili mawili yaliyokuwa yakihaririwa kwa wakati mmoja yalibadilishana nafasi, na kila aliyeingia mtamboni akaonyeshwa, mahali pa tangazo la siku, orodha nzima ya maneno ya siri ya watumiaji wote.

Fundisho likawa wazi: kisichohifadhiwa hakiwezi kufichuka. Huko Cambridge, Uingereza, Roger Needham alikuwa mmoja wa wale waliobuni, katika miaka hiyo hiyo ya 1960, njia ya kulisaga neno la siri kabla ya kulihifadhi. Mahindi husagwa yakawa unga, lakini unga haurudi kuwa mahindi. Kadhalika neno la siri hupitishwa katika hesabu za upande mmoja, na kinachohifadhiwa ni matokeo tu. Mtumiaji akija, neno alilolitaja husagwa upya. Unga ukilingana na ule uliohifadhiwa, hukubaliwa.

Wanafunzi wanaweza kuionja hesabu ya namna hii kwa kalamu na karatasi. Chukua namba yoyote yenye tarakimu 2, itafutie kipeo cha pili, kisha hifadhi tarakimu 2 za kati. Namba 35 hutoa 1225, na tarakimu za kati ni 22. Sasa mtu aliyeona 22 peke yake ajaribu kuitambua namba ya mwanzo. Hataweza, kwani 65 hutoa 4225, na 85 hutoa 7225. Hata 15, ambayo hutoa 0225, huishia pale pale. Njia zitumikazo katika kompyuta ni imara kupita kiasi kuliko mchezo huu. Njia iitwayo SHA-256, kwa mfano, huweza kutoa matokeo ya namna nyingi mno, hata idadi yake ni namba yenye tarakimu 78.

Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson, wa maabara za Bell huko Marekani, walieleza hatua nyingine: kabla ya kusaga, kila neno huongezewa kiasi kidogo cha tarakimu za kubahatisha, ambazo mafundi huziita chumvi. Hivyo watu wawili wenye neno moja la siri hawawi na alama moja katika faili. Chumvi ya wakati huo iliweza kuwa ya namna 4096.

Hapa fundi apata kanuni yake ya kwanza. Neno la siri lililopotea katika hifadhidata halitafutwi, huwekwa jipya. Nakala yake inayosomeka, kama ipo, imo katika faili la usanidi la programu inayolitumia.

KUUSOMA UJUMBE WA KUKATALIWA

Hifadhidata ya MySQL, inapomkataa mgeni, hutoa ujumbe wenye namba. Namba hizo zaweza kugawanywa kwa kufuata hatua za mtu anayeiendea nyumba.

Wa kwanza ni yule ambaye hakufika mlangoni. Namba 2002 na 2003 kwa kawaida humaanisha kwamba hakuna aliyeitika: pengine hifadhidata imezimwa, pengine mtandao umekatika, au kizuizi cha usalama kimefunga njia ya 3306, ambayo MySQL huitumia isipoagizwa vinginevyo. Katika hali hii neno la siri halijatazamwa kabisa, na kulibadilisha ni kupoteza wakati.

Wa pili amefika, lakini mashine anakotoka haipokewi kamwe. Hiyo ni namba 1130. Wa tatu amesikilizwa, kisha utambulisho wake ukakataliwa. Hiyo ni namba 1045, nayo huwasumbua mafundi kuliko zote. Wa nne ametambuliwa na kukaribishwa, lakini hana ruhusa ya kuingia katika chumba anachokitaka. Huyo hupewa namba 1044. Wa tano ametaja chumba kisichokuwapo, naye hupewa namba 1049, ambayo mara nyingi hutokana na jina la hifadhidata kuandikwa vibaya.

Ujumbe wa namba 1045 wastahili kusomwa neno kwa neno. Ukifasiriwa, husema hivi: mtumiaji fulani, kutoka mashine fulani, amekataliwa, neno la siri limetumika: NDIYO. Au husema: HAPANA. Tofauti ya neno hilo la mwisho ni kubwa. Likiwa HAPANA, maana yake ni kwamba programu haikutoa neno lolote la siri. Kosa basi halimo katika hifadhidata, limo katika faili la usanidi. Katika faili la Zabbix, mstari wa neno la siri huja ukiwa umetanguliwa na alama ya #, ambayo huiagiza programu iupuuze mstari huo. Fundi anayeandika neno la siri na kuisahau alama hiyo huwa ameandika barua asiyoipeleka.

Ujumbe huo hautofautishi baina ya jina lisilokuwapo na neno la siri lililokosewa. Hilo ni jambo la makusudi, kwani mwizi anayebahatisha majina asingepaswa kusaidiwa kujua ni lipi lililo la kweli.

JINA PEKE YAKE HALITOSHI

Katika MySQL mtumiaji hatambuliwi kwa jina tu. Hutambuliwa kwa jina pamoja na mashine anakotoka. Mtumiaji aitwaye zabbix aliyeandikishwa kuingia kutoka ndani ya mashine ile ile ya hifadhidata, na mtumiaji aitwaye zabbix aliyeandikishwa kuingia kutoka kwingineko, ni watu wawili, kila mmoja na neno lake la siri na ruhusa zake. Kwa sababu hiyo, shirika likihamishia programu ya uangalizi kwenye mashine mpya, kuingia huweza kukataliwa ingawa hakuna herufi hata moja ya neno la siri iliyobadilika.

Ipo pia hila ya kimya kimya. MySQL inapomtafuta mgeni katika orodha yake, hutanguliza safu zinazotaja mashine mahususi kabla ya zile zinazokubali mashine yoyote. Matoleo ya zamani yaliwekwa pamoja na akaunti isiyo na jina, iliyoruhusiwa kuingia kutoka ndani ya mashine yenyewe. Mtumiaji zabbix aliyeandikishwa kwa ajili ya mashine yoyote, akija kutoka ndani, alilinganishwa kwanza na akaunti hiyo isiyo na jina. Na kwa kuwa neno lake halikulingana nayo, alikataliwa. Dawa yake ilikuwa kuifuta akaunti isiyo na jina, ambayo kwa vyovyote haikuwa na faida.

FUNGUO MBILI KWA MLANGO MMOJA

Msomaji atakumbuka kwamba programu kuu na kurasa za wavuti zina mafaili mawili tofauti. Shirika likibadili neno la siri kama sheria za usalama zinavyodai, fundi akasahihisha faili la wavuti pekee, kurasa zitafunguka vizuri na michoro itaonekana. Lakini programu kuu haitaweza kuandika. Chini ya ukurasa litatokea onyo kwamba programu kuu haifanyi kazi na kwamba huenda taarifa zinazoonyeshwa si za sasa.

Hapo ndipo hatari ilipo. Tuseme chuo kinahifadhi alama za wanafunzi wake katika seva ambayo diski yake ilikuwa imejaa asilimia 80 Ijumaa jioni, neno la siri lilipobadilishwa. Jumatatu ukurasa ungali unaonyesha asilimia 80, ilhali diski yenyewe yaweza kuwa imejaa kabisa na alama mpya hazipokelewi. Kipimo cha zamani kinachoonekana kana kwamba ni cha leo chaweza kudhuru kuliko kutokuwa na kipimo.

Daftari la matukio la programu kuu nalo laweza kumpotosha msomaji mwenye haraka. Ndani yake mstari mmoja husema kwamba hifadhidata imeanguka na kwamba itajaribiwa tena baada ya sekunde 10. Hifadhidata haikuanguka, iko hai, na ndiyo iliyokataa. Mstari uliotangulia, wenye namba 1045, ndio unaosema kweli yote.

MABADILIKO YA MWAKA 2018

Wakati mwingine jina ni sahihi, neno la siri ni sahihi, mashine ni sahihi, na bado mlango haufunguki. Mwaka 2018 toleo la 8.0 la MySQL lilianza kutumia, kwa akaunti mpya, njia ya kusaga maneno ya siri iliyotegemea SHA-256, mahali pa njia ya zamani iliyotegemea SHA-1. Programu zilizoundwa kabla ya hapo hazikuijua njia hiyo mpya, na nyingi zilipata ujumbe wa namba 2059: njia ya uthibitisho haikuweza kupakiwa. Walikuwa kama watu wawili wanaojua siri moja lakini hawana lugha moja. Mafundi wengi wakati huo waliirudisha akaunti kwenye njia ya zamani. Njia hiyo sasa imefungwa, kwani katika toleo la 9.0 la mwaka 2024 uthibitisho wa zamani uliondolewa kabisa. Dawa ya kudumu ni kuipa programu maktaba mpya za kuzungumzia na hifadhidata.

UTARATIBU WA UCHUNGUZI

Uchunguzi mzuri wa hitilafu hufuata mwendo ule ule wa majaribio ya maabara. Kwanza, daftari la matukio lisomwe, na namba ya kosa inakiliwe pamoja na jina, mashine na neno NDIYO au HAPANA.

Pili, fundi aingie katika hifadhidata kwa mkono, akitumia jina lile lile, kutoka mashine ile ile, kwa njia ile ile inayotumiwa na programu. Jaribio hili huyagawa mambo yote yanayoshukiwa katika mafungu mawili. Akikubaliwa, akaunti ni nzima na kosa limo katika faili au katika programu. Akikataliwa, kosa limo katika akaunti. Tahadhari moja yahitajika: alama kama $ ikiwamo katika neno la siri huweza kufasiriwa vingine na kompyuta kwenye mstari wa amri isipofungwa ndani ya alama za kunukuu, na jaribio likatoa jibu la uongo.

Tatu, libadilishwe jambo moja tu kwa wakati mmoja. Anayebadili matatu kwa pamoja, hata akifaulu, hatajua kilichomfaulisha. Nne, programu kuu ianzishwe upya, kwani hulisoma faili lake la usanidi inapoanza kazi. Neno jipya lililoandikwa katika faili halina nguvu mpaka hapo. Tano, ithibitishwe kwamba kipimo kipya kimeandikwa kikiwa na saa ya sasa. Kutoweka kwa ujumbe wa kosa peke yake si ushahidi wa kutosha.

DAWA ILIYO MBAYA KULIKO UGONJWA

Usiku wa manane, simu zikiwa zinalia, kishawishi cha fundi ni kumpa mtumiaji ruhusa zote, kutoka mashine yoyote, kwa neno la siri jepesi. Au kuiacha programu iingie kwa akaunti ya msimamizi mkuu. Mlango hufunguka mara moja. Lakini hufunguka kwa wote: anayeliiba neno hilo moja atazishika hifadhidata zote za shirika, wala si ile ya vipimo peke yake. Haraka haraka haina baraka.

Kanuni ni nyepesi. Programu ya uangalizi ipewe akaunti yake yenyewe, yenye ruhusa juu ya hifadhidata yake tu, kutoka mashine yake tu. Faili lenye neno la siri lisomwe na programu inayolihitaji, na watumiaji wengine wa mashine wasiwe na ruhusa ya kulifungua. Na kila neno linapobadilishwa, iwepo orodha ya mahali pote linapotumika, ili pasisahaulike hata pamoja.

ZOEZI LA DARASANI

1. Programu imekataliwa kwa namba 1045, na neno la siri limetumika: HAPANA. Faili gani lifunguliwe kwanza, na kitafutwe nini?

2. Fundi ameingia vizuri kwa mkono akiwa kwenye mashine ya hifadhidata, lakini programu iliyo kwenye mashine nyingine imekataliwa kwa jina na neno lile lile. Je, jaribio lake lilikuwa halali?

3. Namba zipi zenye tarakimu 2 hutoa 20 katika hesabu ya tarakimu za kati? Anza na 47.

Majibu: (1) Faili la usanidi la programu, itafutwe alama ya # mbele ya mstari wa neno la siri, au mstari ulioachwa mtupu. (2) Halikuwa halali, kwa kuwa halikufanywa kutoka mashine ile ile. Akaunti iliyojaribiwa yaweza kuwa nyingine. (3) Kipeo cha pili cha 47 ni 2209, hivyo 47 ni mojawapo. Nyingine wanafunzi wazitafute wenyewe, kwa kujaribu namba zote kuanzia 10 hadi 99. Na wakichoka kabla ya kumaliza, watakuwa wameelewa kwa nini mwizi naye huchoka.